Eti chema chajiuza?

Swali

Shikamoo Mwalimu. Huu ni mwaka wa pili naandika hadithi fupi, na nimemaliza 11. Tano nimezituma kwa majarida: moja ilikataliwa kwa mistari miwili, nne hazijajibiwa mpaka leo. Nyingine nawatumia watu ninaowafahamu kwa simu. Wananirudishia kidole gumba, basi. Rafiki yangu tulioanza pamoja anasomwa na kusifiwa. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mbona changu hakijiuzi? Niendelee kuvumilia, au nikubali tu kwamba sina kipaji? Nimeambatisha hadithi moja, ukipata nafasi uipitie.

Jibu

Marahaba, mdogo wangu. Hadithi nimeisoma, tena mara mbili, nitaifikia. Kwanza tumalizane na hiyo methali, maana naona ndiyo iliyokukaa kooni.

Chema chajiuza, naam, kama ni tunda. Tunda bivu linajiuza kwa rangi na harufu, mpita njia hana haja ya kuuliza. Kitambaa kizuri nacho kinajiuza mara tu mtu akikipapasa. Hadithi haina rangi wala harufu. Kwa mbali hadithi bora kuliko zote na hadithi mbovu kuliko zote zinafanana: mistari myeusi kwenye karatasi nyeupe. Ili aijue, mtu lazima akae, anyamaze, akupe dakika 20 za maisha yake kabla hajajua kama ulistahili kupewa. Hapo unamkopa. Na watu hawamkopeshi wasiyemjua.

Hata hao wahenga wenyewe hawakuiachia hadithi ijiuze. Msimuliaji aliita kwanza, "Paukwa!", akangoja "Pakawa!" Asipoitikiwa, au akiitikiwa kinyonge, aliita tena kwa sauti zaidi. Hakusema, "Hawa hawanitaki," akaenda kulala. Alijua wengine bado wanamaliza mazungumzo yao, wengine hawajakaa sawa, na mmoja huko nyuma hajasikia kabisa.

Ngoja nikusimulie la kwangu. Mswada wangu wa kwanza niliupeleka kwa mchapishaji mmoja nikiwa kijana. Kurasa 212, zimepigwa taipu, nimezifunga kwa uzi wa katani, msalaba, na fundo nikalifunga kwa namna yangu ya ajabu, kitanzi kimoja kikilala chini ya kingine, mtindo ambao mpaka leo watu nyumbani hunicheka nao. Nikangoja miezi 14. Kila wiki niliandika hukumu mpya kichwani: wamechukizwa na sura ya pili, wamegundua kwamba mhusika wangu hana uhai, wamecheka. Kisha kifurushi kikarudi na barua fupi ya kusema kazi yangu haikidhi mahitaji yao kwa sasa. Nikakiweka mapajani nikifungue, na hapo ndipo nilipoliona fundo. Lilikuwa langu. Kitanzi kimoja chini ya kingine, kama nilivyolikaza mwenyewe.

Nililia, sitakuficha. Lakini nilipofuta machozi nikawa nacheka, maana kwa miezi 14 nilikuwa nimebeba hukumu ambayo hakuna aliyeitoa. Hakuna aliyeichukia sura ya pili. Hakuna aliyefika hata kwenye sura ya kwanza.

Ukimya unaoulalamikia wewe nauona ni wa aina nyingi, na kosa la mwandishi mchanga ni kuziita zote jina moja, "wamenikataa". Kuna kazi ambayo haikumfikia mtu. Kuna iliyofika ikabaki kwenye fundo lake. Kuna iliyofunguliwa, msomaji akasoma kidogo, akaiweka pembeni. Na kuna iliyosomwa mpaka mwisho na mtu aliyependa, lakini hana maneno, au ana aibu, au simu iliita. Hii ya mwisho ni nyingi kuliko unavyodhani. Hebu jiulize wewe mwenyewe: umesoma vitabu vingapi vilivyokugusa, na waandishi wangapi kati yao uliowahi kuwaandikia?

Aina hizi hazitibiwi kwa dawa moja. Isiyofika inataka kutembezwa, na iliyobaki kwenye fundo inataka kupelekwa kwingine. Iliyoachwa njiani inataka kurekebishwa. Iliyosomwa kimyakimya haitaki chochote, iache ifanye kazi yake. Kwa hiyo kabla ya kuuliza uvumilie mpaka lini, uliza kwanza unavumilia kitu gani.

Na kujua si vigumu sana, ila lazima ubadilishe swali. Usimuulize mtu, "Umeionaje?" Ukimuuliza hivyo atakujibu, "Nzuri sana, hongera," kwa sababu anakupenda wewe, wala hazungumzii hadithi. Muulize, "Ulisimamia wapi?" Mpe karatasi na penseli, umwambie aweke alama mahali popote alipojikuta anawaza jambo jingine. Hilo halimtaki awe mhakiki, na halimlazimishi akuumize. Watu watatu wanatosha. Wawili wakiweka alama mahali pale pale, hapo kuna shimo, na wala usibishane nao.

Mimi nimekuwa mmoja wa hao watatu. Hadithi yako inaanza hivi:

"Jua lilikuwa likichomoza taratibu nyuma ya milima, likimwaga miale yake ya dhahabu juu ya mapaa ya nyumba, huku ndege wakiimba nyimbo zao tamu za kuikaribisha siku mpya."

Sentensi haina kosa la sarufi. Tatizo lake ni kwamba jicho linateleza juu yake bila kukwama popote. Miale imekuwa ya dhahabu, na nyimbo za ndege zimekuwa tamu, katika hadithi nyingi mno. Aya ya pili ni upepo. Aya ya tatu ni historia ya nyumba. Alama yangu ya penseli iko katikati ya aya ya pili. Kisha, aya ya nne, unaandika:

"Mama aliipokea barua, akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele, akaiweka chini ya mtungi wa maji. Siku tatu hakuna aliyekunywa maji ya mtungi ule. Sote tulijawa na hofu kubwa."

Hapo niliketi sawasawa. Ile sentensi ya jua imeandikwa na kila mtu; ya mtungi umeiandika wewe. Hukuniambia barua inatoka kwa nani, hukuniambia mama ana siri. Umeniambia tu kwamba watu wana kiu na hawanywi, na nimeelewa nyumba nzima. Kisha, bahati mbaya, ukanishika mkono kama mtoto: "Sote tulijawa na hofu kubwa." Ifute. Mtungi umeshasema.

Kwa hiyo swali lako la kipaji nalijibu hivi: asiye na kipaji haandiki mtungi ule. Lakini sitakudanganya upande wa pili. Mhariri wa jarida mwenye rundo la hadithi mezani hafiki aya ya nne. Anasoma jua, anasoma upepo, anachukua hadithi inayofuata. Kama hizo nne zilizokaa kimya zimeanza na jua, sehemu ya ukimya huo umeitengeneza mwenyewe, na ningefurahi kuwa wewe, maana sehemu hiyo ndiyo pekee iliyo mikononi mwako. Ya mhariri kuwa na homa siku ile, au kuwa ameshajaza toleo lake, huwezi kuigusa.

Wapo watakaokufariji kwa habari za waliotukuka baada ya kufa. Watakuambia Emily Dickinson, mshairi Mmarekani, aliandika mashairi karibu 1,800 na yaliyochapishwa akiwa hai yalikuwa kama 10 tu. Watakukumbusha kwamba Shaaban Robert alifariki mwaka 1962 na kitabu chake Kufikirika kikachapishwa mwaka 1967. Yote ni kweli, ila mimi siipendi faraja hii. Inamfariji zaidi anayeisimulia. Tena ina mwanya: tunazijua habari za waliogunduliwa kwa sababu waligunduliwa. Ambao hawakugunduliwa hawana wa kuwasimulia. Huwezi kujenga maisha yako ya kila siku juu ya tarajio la kuvumbuliwa na wajukuu wa wenzako.

Ninayempenda mimi katika habari hizi ni Henry David Thoreau, Mmarekani, na wala si kwa sababu alikuja kuwa maarufu. Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1849 kwa makubaliano kwamba kisipouzika, gharama ni zake. Zilichapwa nakala 1,000. Mwaka 1853 mchapishaji akamrudishia zilizobaki, 706. Akazipandisha ngazi mgongoni mwake mwenyewe, kisha akaandika kwenye shajara yake kwamba sasa anamiliki maktaba ya vitabu karibu 900, na zaidi ya 700 kati yake ameviandika yeye. Utani wa mtu mwenye deni. Halafu anaeleza kwamba usiku huo, ameketi kando ya lundo lile la vitabu visivyotakiwa, ameshika kalamu kuandika alichokiwaza, kwa raha ile ile ya siku zote.

Watu wakisimulia habari hii hukimbilia mwaka uliofuata, 1854, kitabu chake Walden kilipotoka. Mimi hubaki kwenye ule usiku. Thoreau hakujua kama kutakuwa na kesho ya namna yoyote. Alikuwa na vitabu 706 sakafuni na kalamu mkononi, na kalamu haikuwa imeacha kumpa raha. Hicho ndicho kipimo ninachotaka ujipime nacho, na tutakirudia.

Wewe una haraka ya umati. Msomaji mmoja wa kweli humtaki, unawataka 1,000. Sikiliza ya Beatrix Potter, mwandishi Mwingereza. Mwaka 1893 alimwandikia barua mtoto mmoja mgonjwa, mwana wa mwalimu wake wa zamani, akaijaza michoro na hadithi ya sungura aitwaye Peter. Msomaji mmoja, kitandani. Miaka ikapita, akaomba barua ile arudishiwe, akaitanua ikawa kitabu, akakipeleka kwa wachapishaji, wakamkatalia. Desemba 1901 akakichapisha kwa fedha zake, nakala 250, akawa anawagawia na kuwauzia ndugu na marafiki. Mwaka 1902 mchapishaji mmoja kati ya wale wale waliokuwa wamekataa akakitoa. Ukitazama vizuri, kitabu kile kilijitembeza, na hakuna anayekiita kibaya. Na hadithi ilikwishakuwa hai tangu ule mwaka ilipokuwa na msomaji mmoja, kwa sababu ilijua inazungumza na nani. Yako ya mtungi inazungumza na nani? Nadhani unamjua. Miale ya dhahabu uliwaandikia majaji.

Sasa hili la kutembeza. Najua linakuudhi, waandishi wengi ninaowafahamu wangependa kufa njaa kuliko kusema, "Nisomeni." Lakini tazama ujumbe unaowatumia watu, ule uliouweka chini ya hadithi yako: "Habari zenu wapendwa, nimeandika hadithi mpya, naomba mnisapoti kwa kuisoma na kuwatumia wengine." Ukiomba sapoti unaomba fadhila, na fadhila ya bei nafuu kuliko zote ni kidole gumba. Umeomba, umepewa, mmeachana salama. Jaribu hivi, kwa mtu mmoja mmoja:

"Mama anapokea barua, anaificha chini ya mtungi, na nyumba nzima inaacha kunywa maji. Ni kurasa sita. Nikutumie?"

Hiyo "Nikutumie?" ndiyo Paukwa yako. Usitume hadithi mpaka uitikiwe. Watakaoitikia watakuwa wachache, pengine wanne kati ya 20, lakini hao wanne wameshaweka nadhiri ndogo, na ndio utakaowauliza walisimamia wapi.

Za majarida zina utaratibu wake, nao si wa kusisimua. Fungua daftari, uandike hadithi gani imekwenda wapi, tarehe gani, na tarehe ambayo hutaisubiri tena. Wengi hutaja wenyewe muda wao wa kujibu. Wasipotaja, mimi hujipa miezi sita. Wengine hawaruhusu kazi ile ile kutumwa kwingine kwa wakati mmoja, soma masharti. Tarehe ikipita, unawaandikia mstari mmoja wa heshima kuuliza; kukiwa kimya tena, unaihesabu iko huru na unaituma kwingine wiki hiyo hiyo. Na usikae na kazi moja tu nje. Mwenye hadithi moja nje huamka nayo na hulala nayo. Mwenye tano nje na ya sita mezani, siku barua ya kukataliwa inapofika, huuma meno, huandika tarehe, hurudi mezani. (Na weka nakala. Chinua Achebe alituma mswada pekee wa Things Fall Apart London ukapigwe taipu, ukatelekezwa huko kwa miezi, mpaka bosi wake aliyekuwa safarini Uingereza akaenda kuudai. Mpaka leo nikiiwaza habari ile nasikia baridi.)

Kuhusu rafiki yako nitasema kidogo. Wivu hauondoki kwa kukemewa. Msome. Kaa na kazi yake kwa penseli, utafute anachokifanya katika aya ya kwanza ambacho wewe unakifanya katika ya nne. Ukigundua hakuna, kwamba yeye ana marafiki wengi tu, basi umejifunza jambo jingine lenye faida. Na kama ni mtu mwema, mfanye awe mmoja wa wale watatu wenye penseli.

Lililonisumbua zaidi katika barua yako, kusema kweli, ni hesabu. Hadithi 11, tano zimetumwa, moja imekataliwa, nne kimya. Tarakimu zote hizo isipokuwa ya kwanza zinahusu watu wengine. Anthony Trollope, Mwingereza aliyekuwa mtumishi wa posta, alikuwa mezani saa kumi na moja na nusu alfajiri, saa yake imesimama mbele yake, akijidai maneno 250 kila robo saa, kisha anakwenda kazini. Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1847 na karibu hakuna aliyejishughulisha nayo. Sikushauri kasi ile, mimi ningekauka kwa wiki moja. Nachukua tu kwamba kila asubuhi alipoinuka mezani alijua kama siku imekwenda vizuri au la, kabla mtu mwingine yeyote hajaamka kumwambia. Wewe leo unaijua siku yako kwa kutazama simu. Jiwekee kipimo chako, hata kikiwa nusu ukurasa, na simu ibaki chumba kingine mpaka kitimie. Usiandike na kuchungulia majibu katika saa moja. Mkono ule ule hauwezi kufanya kazi zote mbili.

Na muda? Abdulrazak Gurnah alitoa riwaya yake ya kwanza mwaka 1987, na Tuzo ya Nobel ya Fasihi ikamfikia mwaka 2021, akiwa na riwaya 10. Paradise ilitoka mwaka 1994 na kuingia kwenye orodha fupi ya tuzo ya Booker, lakini sisi tuliisoma kwa Kiswahili, ikiitwa Peponi, mwaka 2022. Kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo alikuwa mwalimu wa chuo kikuu, anasahihisha insha za wanafunzi na kuandika. Sikuambii utapata Nobel. Nakuambia kwamba miaka miwili, kwa kazi hii, ni mtu anayetafuta bado mahali pa kuweka kiti.

Uliniuliza kama uache. Unaweza kuacha, wala si aibu. Wapo walioacha wakawa wasomaji wazuri sana, na tunawahitaji kuliko waandishi. Lakini usiamue siku uliyokataliwa, wala siku rafiki yako anaposifiwa. Amua siku ya kawaida, umekaa na sentensi mbaya, unalihamisha neno hili huku na lile kule. Kama katika nusu saa ile hakuna hata dakika moja uliyosahau kwamba hakuna anayekusoma, basi pumzika, pengine kwa muda mrefu. Kama ilikuwepo, unajua jibu bila mimi. Nina hakika ulipoandika mtungi ule hukuwa unamkumbuka mhariri yeyote.

Kwa sasa kata aya tatu za mwanzo uzihifadhi mahali, futa ile hofu kubwa, kisha wape watu watatu. Usiniharakishie. Ila utakaponiletea tena, kuna jambo nataka unisaidie. Mwishoni asubuhi ya nne wanakuta mtungi umesogezwa na barua haipo, na hadithi inakatikia hapo. Mama alikuwa amelala kwa jirani, baba yuko safarini, nyumbani amebaki dada mkubwa, ambaye umesema mkono wake umevunjika, na yule mdogo wa miaka sita. Jana usiku nilikuwa naosha vyombo nikajikuta nimesimama na sahani mkononi, nahesabu. Mtungi ulikuwa umejaa. Siku tatu hakuna aliyeuteka. Mtoto wa miaka sita hawezi kuuinua. Sasa nani aliichukua ile barua?